Gari ya kuvuta boti: tuulize kwanza freni



Kundi moja la wamama wauza samaki limeniletea swali la gari. Wamekusanya akiba ya likelemba miaka mitatu, na sasa wamepata boti kubwa ya faiba yenye moteri mbili kule Uvira. Bei wamepatana. Lakini boti iko kwenye Ziwa Tanganyika, na wao wanaitaka Bukavu, kwenye Ziwa Kivu. Watu wawili wamejitolea kuivuta. Wa kwanza ana Land Cruiser ya kubeba mizigo na anasifu moteri yake sana. Wa pili ana kamiyo ya Fuso, na anaomba pesa karibu mara mbili. Wamama wanauliza wachukue gani, kwa maana boti ikiharibikia njiani, miaka mitatu imepotea.

Nimeketi na makanika wawili na shofere mmoja mzee, kisha nikafanya hesabu ubaoni. Tuanze na uzito. Muuzaji anasema boti ina kilo 1,800. Ni kweli, lakini hiyo ni boti tupu. Moteri mbili za namna hiyo zina kama kilo 440. Litre moja ya esansi ina uzito wa karibu gramu 740, basi tanki la litre 400 likijaa ni kilo 300 hivi. Nanga, betri, kamba na majaketi ya kuokoa, tuseme 150. Na remorki yenyewe ya ekseli mbili, kilo 700. Jumla ni kilo 3,390. Mtu aliyesikia 1,800 amesikia nusu tu ya mzigo.

Land Cruiser nyingi za namna ile zimeandikiwa na kiwanda kuvuta mpaka kilo 3,500, ikiwa remorki ina freni zake. Mwenye gari atawaambia: mnaona, inafika. Inafika kwenye karatasi, kwa gari mpya na barabara nzuri. Yake ina miaka mingapi? Tena gari hiyo ikiwa tupu ina kama kilo 2,200. Kwa hiyo kinachovutwa ni kizito kuliko kinachovuta. Kwenye udongo wa mvua, remorki ndiyo itakayoamua mahali pa kwenda.

Sasa fikirini njia. Kutoka Uvira mpaka Kamanyola ni tambarare ya Ruzizi, hakuna shida kubwa. Baada ya hapo inakuja milima ya Ngomo, na kila mmoja wetu aliyepita pale anajua jinsi watu wanavyonyamaza ndani ya gari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, Ziwa Kivu karibu 1,460. Boti itapandishwa mita 700 karibu. Moteri isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inapungua. Lakini si nguvu inayonitia wasiwasi. Gari ikichoka inaweza kupanda polepole kwa vitesi ya kwanza. Mimi nauliza: moteri ikizimika katikati ya mlima, nani atashika kilo 3,390?

Shofere mzee alinieleza jambo ambalo wengi hawalijui. Remorki nyingi za boti zina freni zinazofanya kazi kwa kusukumwa: gari ikipunguza mwendo, remorki inaisukuma kwa mbele, na msukumo huo ndio unaobana freni. Ukiteremka, ni vizuri. Lakini gari ikianza kurudi nyuma mlimani, hakuna msukumo, kwa hiyo freni hizo hazibani. Gari peke yake inabaki imeshika kila kitu. Kama ni nyepesi kuliko mzigo, zinakwenda pamoja, na nyuma kuna watu wanaotembea kwa miguu, kuna watoto wanaotoka shule.

Kwa sababu hiyo mimi nasema Fuso, hata kwa bei ile. Lakini si Fuso yoyote. Nendeni mkaiangalie mchana, si jioni. Mwulizeni mwenyewe uzito wa kamiyo tupu, na mtafute kibao cha kiwanda kinachoonyesha uzito inaoruhusiwa kuvuta. Angalieni ndoano imefungwa wapi. Ikiwa imechomelewa kwenye bampa na fundi wa kando ya barabara, ondokeni. Inapaswa kufungwa kwa boliti kwenye shasi. Kamiyo ni ndefu kwenda juu na remorki ya boti iko chini, basi makanika atengeneze kipande cha kuishusha ndoano ili remorki ikae sawa. Ikiinua pua, mzigo unakimbilia nyuma na boti itayumba njia nzima.

Wale waliowahi kupakia chukudu kule Goma wanaelewa: ukiweka magunia yote nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na huwezi kuiongoza. Kwa remorki, sehemu moja ya kumi ya uzito ilalie kwenye ndoano, yaani kama kilo 340 kwa boti hii. Tuna dawa rahisi: baskili ya sokoni, ile ya kupimia magunia. Wekeni mkono wa remorki juu yake kabla ya kuifunga kwenye gari. Na esansi muitoe yote. Kilo 300 zimepungua bila kulipa mtu.

Si ninyi wa kwanza kuhamisha boti kwa nchi kavu hapa kwetu. Mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza walileta boti mbili za moteri, Mimi na Toutou, kila moja mita 12, ili kupigana na Wadachi kwenye Ziwa Tanganyika. Treni iliishia Fungurume. Kutoka pale mpaka Sankisia walizikokota zaidi ya kilometa 200 kupitia milima ya Mitumba kwa mashine mbili za mvuke, na mashine ziliposhindwa wakaongeza ng'ombe. Ilichukua zaidi ya mwezi. Walichagua mashine yenye nguvu sana, lakini ilikunywa maji bila kushiba, na ilikuwa kiangazi. Ni wanawake wa vijiji waliobeba maji hayo kichwani. Majina ya wakubwa wa safari yako kwenye vitabu, ya mama hao sijayaona.

Land Cruiser nayo ina kazi yake. Kamiyo isiyovuta kwa magurudumu yote manne itazama kwenye mchanga wa pwani ya Uvira. Basi mlipeni yule wa kwanza saa moja tu, aitoe boti majini na kuifikisha kwenye udongo mgumu. Nafikiri atakubali.

Siku ya safari, kamiyo ibebe magunia ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma ili matairi yashike. Konvoyeri wawili watembee na vipande vya mbao vya kuziba magurudumu ya remorki, na mtu asipande ndani ya boti, hata kama mvua inanyesha. Kwenye mteremko shofere atumie vitesi ndogo, asikanyage freni mfululizo. Akisikia harufu ya kuungua asimame nusu saa, na ninyi msimharakishe kwa sababu ya soko la kesho. Malipo yaandikwe: nusu Uvira, nusu boti ikigusa maji ya Kivu.