Uko na Stall Tao? Hiyo Laini ya Bima Kwa Mkataba Wako Inaweza Kukuacha Kwa Mataa

Tuseme umepata stall tao. Umehangaika na goodwill, umelipa rent ya miezi mitatu, umejaza simu, makava na earphones hadi kwa mlango. Landlord anakupea mkataba wa kurasa sita. Unaruka moja kwa moja hadi ya mwisho, unasaini, unatuma picha kwa group ya familia. Mathe anajibu, "Mungu ni mwema, mwanangu."

Sasa rudi ukurasa wa nne. Kuna laini imejificha hapo: mpangaji atakuwa na bima ya moto na wizi kwa mali yake. Ulienda kwa ajenti, ukalipa, ukapewa karatasi, ukampelekea landlord kopi. Umefuata mkataba. Kwa hivyo uko safi, ama?

Zii. Na hii ndio inafanya watu walie.

Kumbuka Juni 25, 2025, mwaka mmoja baada ya siku vijana waliingia Bunge juu ya Finance Bill. Maduka kibao tao yalivunjwa na kuporwa. Siingii kwa story ya nani alipora. Naongea juu ya mwenye stall aliyeamka asubuhi akapata shelf tupu, akakimbilia bima yake akijua ni wizi, na bima ya wizi anayo.

Shida ni hii: bima ya kawaida ya moto na wizi huwa na orodha ya vitu haigusi, na fujo za kisiasa kawaida ziko hapo. Kwako ni wizi, lakini kwao chanzo cha hasara ni vurugu. Ukitaka hiyo hatari ibebwe, unanunua kinga ingine, ya vurugu za kisiasa na ugaidi. Kwa ofisi za bima wanaiita PVT.

Na hii si story ya jana. Baada ya fujo za uchaguzi wa 2007, wafanyabiashara wengi walienda kudai fidia wakarudishwa juu ya laini kama hiyo tu. Wazito walijifunza, na PVT ikaanza kuuzwa sana. Sisi wa stall hakuna mtu alitushtua.

Sasa cheki mkataba wako tena. Umesema "moto na wizi". Haujasema vurugu. Landlord hana makosa, juu hiyo laini haikuandikwa kukulinda. Iliandikwa ndio kukiharibika usimgeukie yeye.

Na usijidanganye ati bima ya landlord itakusaidia. Hiyo ni ya jumba, si ya stoki yako. Kuna kitu mbaya zaidi: moto ukianzia kwa extension yako, kampuni yake ya bima inaweza kumlipa yeye, halafu ikugeukie wewe irudishe doo zake. Hii unaweza kuomba itolewe. Mwambie landlord muongeze sentensi moja kwa mkataba, kwamba bima yake haitamfuata mpangaji, halafu aipeleke kwa kampuni yake wakubali. Akikataa, angalau umejua umesimama wapi.

Kuna mtego mwingine, wa hesabu. Stoki yako ni ya 800,000, lakini ndio ulipe kidogo ulimwambia ajenti ni ya 400,000. Umepoteza vitu vya 200,000. Unadhani utapata 200,000 yote, juu iko chini ya ile 400,000? Bima nyingi za mali zinasema ukikatia nusu, unalipwa nusu. Unapata 100,000. Ile pesa uliokoa kwa malipo ya mwaka imekurudia na ngori.

Kama hauna stall, usidhani hii haikuhusu. Wewe ni wa sound, tenti ama kamera, na kampuni imekupea kazi ya event. Kwa mkataba kuna laini inasema utamkinga mteja dhidi ya madai yote. Speaker ikiangukia mgeni, hiyo "yote" ni yako. Na bima ya kulipia watu wa nje mara nyingi inabeba tu ile lawama sheria ingekuwekea. Haibebi kila kitu umekubali kwa mkataba. Omba ibadilishwe isome: madai yanayotokana na makosa yako ama ya watu wako. Hiyo ni haki, na mteja mwenye akili ataelewa.

Na kama umeandika hata boy mmoja wa kubeba mashine, sheria ya WIBA ya 2007 inasema mwajiri lazima awe na bima ya wafanyikazi wake. Akifa kazini, fidia ni mshahara wa miezi 96. Kama unamlipa 20,000 kwa mwezi, hiyo ni 1,920,000. Uko nayo?

Najua utasema, "Buda, rent yenyewe ni kusukumana, hizo bima zote nitatoa wapi?" Ni ukweli, na sikwambii ununue kila kitu. Nakwambia weka karatasi mbili kwa meza, mkataba na hati ya bima, kabla ya kusaini. Uliza ajenti swali moja na umwambie akujibu kwa maandishi: "Watu wakivunja stall yangu siku ya maandamano, mtanilipa?" Akianza kuzunguka, umepata jibu. Uliza pia PVT ni ngapi, uamue mwenyewe kama utaibeba ama utapunguza stoki kwa stall siku tao kumechemka.

Halafu hakikisha kampuni yenyewe iko kwa orodha ya IRA ya wenye leseni. United Insurance ilianguka 2005, Blue Shield ikafuata 2011, na watu walibaki na karatasi mkononi.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Mkataba wa stall wa miaka miwili ukisainiwa leo unaweza kupita katikati ya hiyo moshi. Ukingoja hadi siku matairi yanachomwa, hakuna mtu atakuuzia kinga kwa bei ya maana, kama atakuuzia. Leo jioni toa huo mkataba kwa droo, ufungue ukurasa wa nne.