Imani ya kiongozi ipimwe kwa hesabu, si kwa kiapo

MTO Lumemo, unaoteremka kutoka milima ya Udzungwa na kupita katika mji wa Ifakara, umezoeleka kuvunja kingo zake wakati wa masika. Maji yanapoingia majumbani na mashambani, huanza kazi nyingine iliyo ngumu vilevile: kuorodhesha walioathirika, kupokea misaada na kuigawa. Hapo ndipo uadilifu wa kiongozi unapopimwa, tena na majirani wanaojua anasali wapi na huketi safu ya ngapi.

Swali linalojitokeza ni la zamani, lakini halijazeeka. Je, imani ya Kikristo inaweza kuwa msingi wa uongozi mwadilifu, au ni vazi la Jumapili tu?

Bonde la Kilombero lina sababu ya kujiuliza hivyo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ni tunda la kazi ya misheni, iliyokuzwa na Wakapuchini pamoja na masista wa Baldegg kutoka Uswisi. Mwaka 2012 Ifakara ikawa makao ya jimbo jipya la Kanisa Katoliki, lililomegwa kutoka Mahenge. Wakazi wa huko wamezoea kuliona Kanisa likihukumiwa kwa kazi yake: mgonjwa ametibiwa au hakutibiwa, dawa ipo au haipo.

Kipimo hicho hicho ndicho alichokubali Mwalimu Julius Nyerere. Alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1955 akaacha mshahara wa ualimu katika shule ya misheni ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, ili aitumikie TANU. Mwaka 2005 Kanisa lilimpa jina la Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo katika safari ya kumtangaza mtakatifu.

Hata hivyo, jambo kubwa aliloliachia taifa katika uadilifu halikuwa mahubiri. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimtaka kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, wala nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo haikuuliza kiongozi ni Mkristo au Mwislamu. Ilimbana Mkatoliki kama ilivyombana asiye na dini, na mwananchi yeyote aliweza kuihoji: nyumba ile ya kupangisha ni ya nani?

Hapo ndipo penye fundisho. Imani ya moyoni haionekani, na kila mwanasiasa anaweza kuidai. Ikigeuzwa kuwa kanuni inayomfunga mwenye imani kwanza, huonekana na hukaguliwa.

Miiko hiyo ililegezwa mjini Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi kutamka mali na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili. Ni sheria yenye manufaa, ila tamko hilo huishia ofisini, mbali na macho ya mpiga kura wa kawaida. Kilichobaki hadharani ni kiapo, Biblia au Kurani mkononi, na picha magazetini kesho yake.

Nyumba za ibada nazo hazikusalimika. Takrima, iliyoruhusiwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, ilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2006 kuwa inakwenda kinyume cha Katiba. Lakini harambee za makanisani zimeendelea kuwapo, na mgombea mwenye bahasha nene bado hukaribishwa mbele. Mwaka 2014, Bunge lilipojadili sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, miongoni mwa waliotajwa kupokea fedha walikuwamo viongozi wa dini. Kutajwa si kutiwa hatiani, na mchango kwa mtu wa Mungu ni desturi ya miaka mingi. Lakini waumini walijifunza kuwa joho halimzuii mtu kuulizwa fedha zimetoka wapi.

Jirani zetu wa Kenya wameonyesha njia. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, likaagiza zirudishwe. Kanisa lilikubali kusubiri kuliko kununuliwa.

Biblia yenyewe ina mfano ambao wanasiasa hawapendi kuunukuu. Nabii Samweli, akiwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya taifa lote na kutaka yeyote aliyenyang'anywa ng'ombe au punda wake, au aliyedhulumiwa, aseme. Hakuwaambia watu wamwamini kwa kuwa alikulia hekaluni. Aliwafungulia daftari.

Kwa lugha ya leo, huo ndio mkutano wa kijiji ambako mapato na matumizi husomwa hadharani. Mkutano huo umo katika sheria zetu, na katika vijiji vingi hauitishwi kwa wakati. Mwenyekiti mcha Mungu asiyeuitisha ana imani pungufu, hata akiimba kwaya. Taasisi za dini nazo hazina kinga: tangu Serikali na makanisa walipotia saini makubaliano ya huduma za jamii mwaka 1992, fedha za umma zimekuwa zikiingia katika hospitali zao, na fedha za umma hudai hesabu.

Masika ijayo, Lumemo ukifurika tena, mwathirika hatauliza mgawaji wa unga alibatizwa lini. Atataka kuona orodha imebandikwa mahali pa wazi, jina lake limo, na kilo zilizoandikwa ndizo alizopewa.