Nyumba Yangu, Udongo wa Nani?

Baraka na Fizi, anayenunua kiwanja husema: udongo huu ni wangu. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema jingine: kwa kifungu cha 53, ardhi yote ni mali ya Serikali, nayo haiuziki, raia hupewa haki ya kuitumia tu. Hata hivyo, ibara ya 34 ya Katiba ya 2006 inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Basi mwenye nyumba hujibu kwa wawili: ofisi ya ardhi inayodai hati, na wazee wanaoweka masharti ya kijiji.

Masharti yenyewe siyapingi. Mipaka, njia na makaburi vinahitaji ulinzi, na kwa waliorudi kutoka kambi za Tanzania, kumbukumbu ya majirani mara nyingi ndiyo ushahidi. Ninachopinga ni sharti linalotajwa ukuta ukishasimama. Liandikwe kabla ya mauzo, mbele ya mashahidi, kwa Kiswahili kinachoeleweka na muuzaji na mnunuzi. Hati ya Kifaransa haimsaidii aliyeitia sahihi bila kuielewa. Kuandaa mifano ya mikataba hiyo ni kazi inayotufaa sisi wanafunzi wa lugha.