KARATASI YA SAHIHI



Wamarekani mwaka 1791 waliongeza vifungu kumi katika katiba yao, kuizuia serikali isimwonee mtu (mtumwa mweusi alingoja mpaka 1865). Yetu iligeuzwa kinyume. 1966 mtu akaweza kutiwa kizuizini bila kesi. 1982 vyama vyote marufuku isipokuwa KANU. 1988 majaji wakaondolewa kinga ya kazi zao. Mwananchi hakupigishwa kura hata mara moja! Sisi wa reli, nani angeng'oa reli usiku bila taarifa tukanyamaza?

Katiba ya 2010, kifungu 41, inatupa haki ya chama na ya kugoma. Haki hiyo haibadilishwi bila kura ya wananchi. Basi anayeleta karatasi ya sahihi hapa Mabanga, asome yote kwanza, kwa Kiswahili, atuonyeshe 41 imeguswa wapi.