Muziki wa noti 12: tusiucheke, na pia tusilazimishwe kuupenda

Jioni moja, baada ya mazoezi ya korali yetu, niliweka kwenye simu konserto ya violoni ya Alban Berg. Tulikuwa watu wanane hivi. Dakika moja haikuisha, papa mmoja wa sauti ya nne akauliza: huyu mpiga violoni bado anakaza nyuzi, ama amekwisha anza? Tukacheka wote. Kijana wa sauti ya tatu alisema kichwa kinamuuma. Mama mmoja wa sauti ya pili akatukemea: nyamazeni, nasikiliza. Tuligawanyika pale pale, na mimi sikushangaa, kwa maana Ulaya kwenyewe watu wanagombana juu ya muziki wa namna hii tangu miaka mia moja.

Papa yule, kusema kweli, hakukosea. Violoni inaingia ikipitia nyuzi zake nne tupu, sol, re, la, mi, sawa na mtu anayezijaribu. Berg alitaka hivyo. Hata mwenye kucheka alikuwa amesikia vizuri.

Kila aliyefundishwa kuimba kwa do-re-mi anajua kwamba do ni nyumbani. Wimbo unaweza kutembea mbali, lakini sikio linangoja urudi. Arnold Schoenberg, aliyezaliwa Vienna mwaka 1874, aliona kwamba watunzi wa wakati wake walikuwa wakienda mbali zaidi na zaidi na nyumba hiyo, mpaka yeye mwenyewe akaiacha. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1920, akatafuta utaratibu mwingine. Ukihesabu kwenye piano kutoka do hadi si, nyeupe na nyeusi pamoja, unapata noti 12. Mtunzi anazipanga zote katika mstari mmoja, kila moja mara moja tu, na kazi nzima inatoka katika mstari huo: uende mbele, urudi nyuma, ugeuzwe juu chini, ama ugeuzwe na kurudishwa nyuma. Kila namna inaweza kuanzia kwenye noti yoyote, hivyo kuna sura 48. Hakuna noti inayotawala zingine.

Basi, anayesema kwamba anapotea hasemi ujinga. Anapotea kweli, kwa sababu alama aliyozoea imeondolewa. Hapo ndipo ninapokosana na wataalamu wanaomjibu kwamba hana elimu. Mwaka 1952 Pierre Boulez, Mfaransa aliyekuwa bado kijana, aliandika kwamba mwanamuziki ambaye hajaona ulazima wa lugha hii ya noti 12 hana faida. Maneno ya namna hiyo yaliwafukuza wasikilizaji wengi kuliko muziki wenyewe. Utaratibu peke yake hautengenezi kazi nzuri. Schoenberg ana kwinteti moja ya vyombo vya kupuliza, ndefu, ya mwaka 1924. Nimeijaribu mara tatu na sijafika mwisho. Yeye mwenyewe, akiwa mzee, aliandika katika barua kwamba alitamani watu wajue nyimbo zake na kuzipiga mluzi, kama wanavyofanya kwa watunzi wengine.

Lakini upande wa pili una makosa makubwa zaidi. Tarehe 31 Machi 1913, kabla utaratibu huu haujazaliwa, tamasha aliloongoza Schoenberg pale Vienna, lenye kazi zake na za wanafunzi wake Berg na Webern, liligeuka ugomvi wa makofi, na halikufika mwisho. Mwaka 1928, Berlin, Furtwängler alipoongoza Variasioni zake za orkestra, ukumbi ulijaa kelele na miluzi. Hayo ni ya wasikilizaji. Wamelipa tiketi, wana haki ya kukasirika. Kisha ikaja serikali ya Hitler. Schoenberg alikuwa Myahudi, akaondoka Ujerumani mwaka 1933, na mwaka 1938 pale Düsseldorf yakafanywa maonyesho ya kutukana muziki ulioitwa mpotovu, wake ukiwemo. Kati ya kusema "siupendi" na kusema "usiwepo" kuna njia, na njia hiyo kuna watu waliokwisha kuitembea.

Nirudi kwa Berg, maana ndiye ningeshauri kumwanza. Mpiga violoni Mmarekani, Louis Krasner, alikuwa amemwagiza konserto. Aprili 1935 akafa Manon Gropius, binti wa rafiki zake, mwenye umri wa miaka 18, kwa ugonjwa wa polio. Berg akaandika kazi hiyo kwa kumbukumbu yake, akaimaliza mwezi wa nane. Tarehe 24 Desemba mwaka huo huo yeye mwenyewe akafa. Hakuisikia hata siku moja; ilipigwa mara ya kwanza Barcelona, Aprili 1936.

Mstari wa noti 12 aliochagua ni wa ajabu. Noti tisa za kwanza zinajenga akodi tunazozijua sote, na nne za mwisho zinapanda hatua sawasawa na mwanzo wa korale moja ambayo Bach aliipangia sauti, inayoitwa "Inatosha". Karibu na mwisho, korale hiyo inatokea wazi, klarineti zikiipiga kwa upatanifu wa Bach mwenyewe. Mtu wa korali ataitambua mara moja. Lakini atakuwa ameifikia kupitia dakika nyingi za kupotea, na hiyo ndiyo sababu inamgusa.

Sisi hapa mashariki mwa Congo tumezika sana. Katika matanga tunaimba nyimbo tamu za sauti nne, na zinatusaidia. Mimi mwenyewe naziimba. Walakini kuna vifo ambavyo nyimbo hizo hazivifikii, zinavifunika tu. Kwa konserto ya Berg nilisikia mtu ambaye hakufunika. Sisemi tuipeleke kanisani, wala sidhani tungeiweza.

Inachukua chini ya nusu saa. Msikilizaji ajaribu mara mbili, siku mbili tofauti, bila kufanya kazi nyingine. Kama bado kichwa kinamuuma, aache, wala asione haya.

Mama wa sauti ya pili aliniomba nimtumie kwa WhatsApp usiku ule ule. Papa wa sauti ya nne aliniomba siku tatu baadaye, akanionya nisimwambie mtu.