Babu asipotee ndani ya koti lake

Picha ya mzee inapotundikwa sebuleni, wajukuu huitazama ili wamjue yule ambaye hawakumkuta. Ndiyo maana inauma pale picha iliyokuwa nzuri kwenye simu inapotoka kwenye printa ikiwa nyeusi tii: koti la babu halina kola wala kifungo, nywele zimeungana na ukuta, na usoni yamebaki macho na meno.

Wengi hulaumu wino, na mara nyingi huonewa bure. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe. Karatasi husubiri mwanga wa dirisha au taa. Kwa hiyo picha itazamwe kwanza mchana, karibu na dirisha, wino ukiwa umekauka. Giza likibaki lile lile, ndipo kasoro itafutwe.

Studio, na hata familia zinazochapa nyumbani, hutumia profaili, yaani faili linaloieleza kompyuta jinsi printa fulani, wino fulani na karatasi fulani vinavyotoa rangi. Profaili ya karatasi ya kung'aa haifai kwa karatasi isiyong'aa, kwa kuwa weusi wake haulingani.

Kipimo chake ni chepesi. Itengenezwe picha yenye miraba ya kijivu cha giza: 0, ambayo ni nyeusi kabisa, kisha 5, 10, 15 mpaka 50, katika ngazi ya 0 hadi 255. Ichapwe mara mbili: kwanza marekebisho yote ya rangi yakiwa yamezimwa, kisha kwa profaili. Miraba ikiungana hata bila profaili, huenda printa inamwaga wino kupita uwezo wa karatasi. Aina ya karatasi irekebishwe kwenye mipangilio, kisha profaili itengenezwe upya. Ikitengana bila profaili lakini ikaungana nayo, kasoro iko kwenye profaili au katika namna inavyotumiwa.

Hapo yakaguliwe mambo matatu. Rangi isirekebishwe mara mbili: programu ikishika kazi hiyo, marekebisho ya printa yazimwe. Chaguo la kulinganisha weusi wa picha na weusi wa karatasi liwashwe, maana bila hilo vivuli vizito vinaweza kugeuka rangi moja. Na profaili ikiwa ya kujitengenezea, chati yake ichapwe bila marekebisho yoyote na ipimwe siku ya pili, imekauka vizuri.

Kuing'arisha picha nzima si dawa. Uso utaonekana, lakini kanzu nyeupe itapoteza mikunjo yake.

Kwa familia za Kiafrika, hili si suala la urembo. Kwa miongo mingi maabara za picha zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi mara nyingi ikapotea kivulini. Leo kipimo kiko mikononi mwa wenye picha. Kando ya miraba ya kijivu uwekwe uso wa mtu wa nyumbani aliyevaa koti jeusi. Kola ikionekana, na mistari ya paji la uso ikisomeka, ndipo itumike ile karatasi ya bei kubwa.