Ndoo Si Nyumba ya Chura



Mvua zilipoanza hapa Buyenzi, watoto wa madrasa walimkamata chura wakamtia kwenye ndoo ya rangi nyuma ya darasa. Waliijaza maji ya bomba hadi nusu, wakamtupia wali, wakafunika ili asiruke. Walipotuuliza kama inajuzu kumfuga tuliwajibu haraka haraka kuwa hakuna ubaya, tukaendelea na somo la tajwidi. Siku ya tatu chura alikutwa amekufa. Mtoto mmoja wa miaka tisa akaja analia, anauliza kama ameandikiwa dhambi. Swali lile lilitupata sisi tuliotoa jibu bila hata kwenda kuitazama ile ndoo.

Tuanze na hukumu. Imepokewa na Abu Daud kwamba tabibu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kumtia chura kwenye dawa, naye akakataza kumuua. Kisa cha mwanamke aliyemfunga paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie kimo katika Bukhari na Muslim, na kila mtoto wa madrasa anakijua. Pia kipo kisa cha Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Wanazuoni wakachukua hapo ruhusa ya kufuga, kwa sharti haki ya mnyama itimizwe. Ama wale wanaosema chura ni najisi, katika madhehebu ya Imamu Shafii mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Kumla ni mlango mwingine, haliwi.

Basi mzigo uko kwenye hiyo haki. Kiswahili chetu kinawaita wote chura, yule mlaini wa mtoni na huyu mkavu mwenye vipele anayekuja chini ya taa ya baraza. Huyu wa pili huingia majini wakati wa kuzaa, lakini makazi yake ni udongoni. Ukimtia kwenye maji ya kina yasiyo na mahali pa kupandia, huogelea mpaka akachoka, kisha akazama. Tunaamini wetu alikufa hivyo.

Anayetaka kumfuga kweli atafute boksi pana, aweke udongo usio na mbolea wala dawa, kina cha vidole vinne au zaidi, kwa kuwa mchana hupenda kujifukia. Kipande cha chungu kilichovunjika kiwe pango lake. Upande mmoja wa udongo uwe na unyevunyevu na mwingine ukauke kidogo, juu pawe na wavu wa kupitisha hewa. Boksi lisikae juani, la kioo hasa, maana hugeuka tanuri kwa muda mfupi. Chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi ya tumbo. Kwa hiyo dawa ya maji ya bomba, sabuni na mafuta ya mikononi mwetu vyote humwingia mwilini. Mpe maji safi ya mvua kwenye kisahani kifupi, uyabadilishe kila siku. Chakula chake ni kinachotembea: nyenje, mchwa, nyungunyungu, mende asiyepuliziwa dawa. Wali haujongei, kwa hiyo kwake si chakula. (Na akina mama wanajua ni nani atakayetafuta mchwa wiki ya pili, mtoto akishachoka.)

Haleti chunjua kama tulivyoambiwa utotoni, lakini nyuma ya macho ana tezi za sumu. Mtoto akimshika anawe mikono kwa sabuni, asijiguse machoni wala mdomoni.

Majirani zetu Watanzania wana chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu huko milima ya Udzungwa. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyemwokoa baada ya Allah ni wataalamu waliowapeleka baadhi yao Marekani mapema, na hata kule walikufa wengi kabla hawajajulikana wanataka nini. Mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi, penye mabomba ya kuwanyunyizia maji. Ikiwa wenye maabara wametaabika hivyo, mtoto wa darasa la nne na boksi lake atafanya nini?

Kwa hiyo rai yetu ni hii: mwachieni chura uwani, mumtengenezee pembe yake. Kigae, majani makavu, kisahani cha maji mbali na maji ya sabuni, na dawa ya wadudu isipuliziwe hapo. Atakuja mwenyewe na kuondoka mwenyewe, na mende atawala. Wala msimsafirishe kutoka mkoa hadi mkoa, kwani upo ugonjwa wa ukungu wa ngozi unaoangamiza vyura na hubebwa hivyo hivyo.

Pembe kama hiyo tumeiweka nyuma ya madrasa, na yule mtoto ndiye anayebadilisha maji. Tulimjibu kwamba hakukusudia, na Allah ni Mwingi wa kusamehe. Istighfari tukabaki nayo sisi.

Wallahu aalam.